Mwanangu Aliponiletea Askari Edani

Mume wangu alifariki miaka michache baada ya uhuru, nami nikakaa eda katika vyumba vyetu viwili vya ghorofani, katikati ya Nairobi, juu ya duka la vitambaa alikokuwa karani. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani mpaka eda yake iishe. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato. Kwetu Mombasa nyumba ingejaa wanawake. Hapa nilikuwa na kuta na binti yangu wa miaka sita.

Na binti huyo alisema. Subhanallah, alisema! Akiamka anasimulia ndoto, akila anaeleza anavyotafuna, akienda msalani anaacha mlango wazi habari isikatike. Alishuka kununua mchicha kwa mama mmoja wa kijiji cha Waithaka, nje ya mji, aliyeuza mboga pale chini, akapanda na habari zote za Waithaka, ng'ombe aliyezaa na paa linalovuja. Nami nikajua zangu zimeshashuka: mama jana kalia, mama kaunguza maharagwe. Kichwa kiliniuma. Nilitaka kumlilia mume wangu kwa utulivu na sikupata nafasi.

Wifi yangu akaja kutoka Mombasa kunitazama. Siku ya pili tu akaziba masikio.

"Wifi, mdomo uliponza kichwa. Nipe mtoto huyu nikae naye Mombasa, upumzike. Akizoea, abaki huko asome."

Nilikuwa nimechoka, nikakubali.

Jioni wakaenda kupanda gari la moshi. Kuwasindikiza nisingeweza. Nilisimama nyuma ya dirisha nikisikiliza sauti ya mwanangu ikishuka ngazi, ikimfundisha shangazi yake ni kidato kipi kimevunjika, mpaka ikapotelea barabarani. Nikaketi kitandani. Utulivu niliouomba nilikuwa nao sasa, na ulikuwa mbaya. Nikasema "Bismillahi" kwa sauti, nipate kusikia mtu. Nikaogopa kwamba atazoea kule, nami nitamaliza eda nitoke nje, si mke wa mtu wala mama wa mtu.

Sijasali isha, mlango ukagongwa. Nikajitanda buibui, nikasimama nyuma ya pazia.

"Mama, mimi ni askari ya stesheni," ikasema sauti nzito ya mtu wa bara. "Hii mtoto inasema mama yake amefungiwa kwa nyumba, na huyu mama mwingine anataka kumpeleka mbali. Nani amekufungia?"

"Hakuna, baba. Niko edani."

"Eda ni kitu gani?"

Kabla sijafungua kinywa, binti yangu alikwisha kumweleza: baba kafa, mama hatoki, hapaki wanja, na tena kaunguza maharagwe.

"Pole sana, mama," askari akasema, akashuka zake.

Wifi yangu akaingia kwa hasira. Gari la moshi lilikuwa limewaacha. Mdomo ulikuwa umeponza kichwa kweli, ila kichwa chenyewe kilikuwa cha wifi.

Nikamvuta mwanangu karibu. "Kwa nini ulimwambia askari nimefungiwa?"

"Kwani hujafungiwa? Nilimwambia nikienda Mombasa, mama hana mtu wa kumsemesha."

Nililia kwa sauti, kilio ambacho sikukilia hata siku ya mazishi. Mwanangu akanitazama usoni.

"Mama, unalia tena. Kesho nitamwambia mama wa mboga."

"Mwambie," nikasema. "Mwambie yote."