Kiti cha Sifuri

Shuleni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Vizibo, na jina hilo lilimkaa barabara, maana kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kupita mbele ya duka la soda bila kuinama. Vizibo alivichemsha, akavigonga kingo kwa nyundo visije vikamkata mtoto, kisha akavifunga kumi kumi katika vifuko alivyoshona mwenyewe, akavitia pamoja na vingine vya mojamoja katika gunia la kufundishia hesabu darasa lake la kwanza. Mumewe alizoea kumtania: "Wenzako wanakunywa, wewe unaokota." Sasa magoti yalikuwa yamegoma, na kila akiinama yalilia kama bawaba kavu.

Mwalimu mkuu alikwisha kuchoshwa na lile gunia la vizibo. Kwake yeye, mtoto asiyeandika daftarini anacheza, na anayecheza hasomi. Basi siku hiyo alimleta mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, aamue: gunia libaki, au litupwe watoto washike penseli tu. Mama Vizibo alijua kwamba bila gunia hawezi kufundisha. Alijua pia, na hili hakumwambia mtu, kwamba likitupwa ataomba kustaafu mapema, na wazo hilo lilikuwa tamu kidogo.

Mkaguzi akamwita mtoto wa mbele, msichana wa miaka sita ambaye darasa zima lilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo.

"Mwanangu, niandikie kumi na moja."

Chiriku akaandika ubaoni: 101.

Mwalimu mkuu akakohoa, kikohozi cha mtu aliyekwisha kushinda. Mama Vizibo angeweza kueleza: mtoto kaandika alichosikia, kumi, halafu moja. Kila mwaka wanakosea hapohapo, wala si ujinga. Lakini alikuwa amechoka kujieleza, basi.

"Una uhakika?" mkaguzi akamuuliza mtoto.

Chiriku akaenda kwenye gunia, akatoa kifuko kimoja na kizibo kimoja, akaviweka mezani. Akavitazama, akaitazama ile 101, akacheka.

"Kumbe nimemsimamisha mgeni."

"Mgeni gani?"

"Huyu moja. Sifuri ni kiti, kinamngoja mgeni. Mgeni akija anakikalia, hukioni tena." Akafuta sifuri na ile moja ya mwisho, akaiandika moja hiyo mahali pa sifuri: 11. "Ishirini na tatu nayo hivyohivyo. Nikuandikie?"

Mkaguzi akavua miwani, akamgeukia mwalimu mkuu. "Mimi hili nilifundishwa kwa fimbo," akasema polepole. "Gunia lisiguswe. Na mwalimu wake asiguswe."

Watoto wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Mama Vizibo naye alifurahi, kweli alifurahi, lakini furaha ilikuja imeibeba kesho mgongoni: vizibo vya kuokota, kuchemsha na kugonga, miaka miwili zaidi mpaka siku yake ya kustaafu. Machozi yakamlengalenga, na hakujua ni ya lipi.

Chiriku akamvutia kiti kidogo cha watoto.

"Mwalimu, mbona umesimama? Kaa."

Akakaa. Magoti yakalia.

"Haya," akasema, "nani atanitafutia ishirini na tatu?"