Nilimtoa mke wangu ziwani kwa uongo

Habari zenu wote mnaofuatilia ukurasa huu. Admin, nakushukuru kwa kunifichia jina. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, mwalimu mstaafu, naishi Ipogolo hapa Iringa na mke wangu wa ndoa. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mnivumilie. Nimekuwa nikisoma humu visa vya vijana wenye wivu na kuwacheka, kumbe mimi nina wa kwangu wa karibu miaka hamsini na bado haujapoa.

Miaka ya sabini, nikiwa nimetoka tu chuo cha ualimu, nilipangiwa shule ya msingi Matema, kando ya Ziwa Nyasa, mkoa wa Mbeya. Mimi ni Mhehe wa milimani, kuogelea sijui mpaka leo. Huko nikampata binti wa Kinyakyusa, nitamwita Tusa, nikaoa. Tusa alikuwa na mchezo wake. Yeye na wenzake watano sita walikuwa na mbao pana zilizochongwa kutoka kwenye mitumbwi iliyopasuka. Jumapili baada ya ibada kila mmoja anasimama wima juu ya ubao wake, anashika kafi refu, wanapiga maji hadi kwenye jiwe kubwa na kurudi. Hawavui samaki, hawabebi mzigo, ni raha tu. Mara ya kwanza kumwona mke wangu amesimama kule mbali, mgongo umenyooka, khanga kaifunga magotini, nilijisikia fahari. Haikudumu.

Mchongaji wa zile mbao alikuwa kijana mmoja, nitamwita Amba. Seremala, mpole, hajaoa. Siku moja alitaka kumchongea Tusa ubao mpya. Akapiga magoti mchangani mbele ya watu, akampima nyayo kwa kamba ya mgomba ili ajue miguu itakaa wapi. Mimi nimesimama pembeni nimemshikia mke wangu viatu. Njiani nikamuuliza kwa nini anakubali kushikwashikwa miguu. Akacheka.

"Anapima ubao, Mwalimu. Hanipimi mimi."

Jibu lilitosha, ila mwenye wivu hatafuti jibu. Nikaanza kuwachunguza. Kule majini Amba akisema "piga kushoto", Tusa anapiga kushoto bila hata kugeuka. Nyumbani mimi nikisema jambo ananiuliza mara mbili. Nikajaribu na mimi kupanda ubao, nikaanguka kwenye maji ya magotini wanafunzi wangu wakiangalia. Baada ya hapo kila Jumapili nilikuwa naomba moyoni mvua inyeshe.

Halafu ikaja siku ya upepo. Walikuwa wanarudi kutoka kwenye jiwe, wimbi likampiga Tusa ubavuni akazama. Nilikimbia na suruali yangu ya kanisani mpaka maji yakanifika kifuani, nikaishia hapo. Miguu ilikataa. Amba, aliyekuwa kwenye ubao wake nyuma yao, aliruka akamfikia. Tusa alipoibuka, ameshika bega la Amba, alikuwa anacheka. Hakuwa hata na haja ya kuokolewa, maji anayajua tangu utoto. Watu wote wakamshukuru Amba. Mimi nilitoka ziwani nimelowa na hakuna aliyeniuliza kitu.

Siku iliyofuata niliandika barua ofisi ya elimu kuomba uhamisho wa kurudi Iringa. Ulipokubaliwa, nilimwambia Tusa kwamba serikali imenihamisha na sina la kufanya. Akauliza kama Iringa kuna ziwa. Nikasema kuna mto. Ubao wake mpya tuliuacha kwa seremala haujaisha.

Miezi michache baadaye barua ilifika kwenye shule yangu mpya, imeandikwa majina yetu wote wawili. Niliifungua peke yangu. Amba alikuwa anatualika kwenye harusi yake. Alisema ubao wa Tusa umekamilika, na kwamba ameanza kuchonga mwingine mpana zaidi, "wa shemeji Mwalimu, ajifunze bila kuogopa". Ndugu zangu, badala ya kuona aibu nilizidi kuchukia. Niliona hata huruma yake ni ya kunishinda. Nikaitupa barua kwenye jiko la shule, uji wa wanafunzi ukichemka juu yake. Tusa hakuijua. Tumezaa, tumelea, tumezeeka.

Mwezi uliopita mjukuu wetu alimwonyesha bibi yake kwenye simu watu wamesimama juu ya mbao ziwani, siku hizi wenye hela wanaufanya ule mchezo. Tusa aliishika ile simu kwa mikono miwili. Akasema, "Serikali isingekuhamisha, ningezeekea majini mimi." Hakusema kwa uchungu, na ndiyo maana nilishindwa kula.

Sasa anataka kwenda Matema. Ana miaka sabini na moja, magoti yanamuuma, lakini anasema atasimama hata kwa dakika moja. Amepiga simu kwa ndugu zake, wakamwambia Amba yupo hai. Mnajua nilichouliza kwanza? Niliuliza kama mke wake yupo. Alishafariki. Nilisikia moto kifuani kama kijana wa miaka ishirini na tano.

Safari ni Alhamisi. Najua Amba atauliza kwa nini hatukujibu barua, na kule bado kuna walimu wa zamani wanaojua kwamba uhamisho niliuomba mimi. Nyinyi mliokaa kwenye ndoa, hasa kina mama, naomba mniambie ukweli. Mwanamke akijua kwamba miaka yote hii alitolewa kwao na mumewe, siyo na serikali, bado anarudi na huyo mume nyumbani? Nimwambie kabla hatujapanda basi, au nimwache afurahi kwanza?