Kikuba cha Maua ya Manjano

Alhamisi, 9 Aprili. Asubuhi jua, nikatoka bila koti. Adhuhuri upepo ukageuka, na habari zinasema usiku itaanguka theluji. Hapa Fridley, huku ughaibuni, ndivyo kulivyo: baridi inaaga, ikifika mlangoni inakumbuka imesahau kitu, inarudi.

Enzi zetu Kibokoni, Mombasa, harusi ilianzia vidoleni mwa watoto. Tukitoka chuoni kusoma Kurani alasiri, tunatumwa nyuma ya birika la maji ya mvua kuchuma asumini. Nyanya yangu alisimama kanga kiunoni: "Yaliyofumba, nasema! Yaliyofunguka waachieni nyuki." Vitumba tulivifunga kwenye kitambaa kilicholowa maji, kisha yeye akavitunga pamoja na rihani na maua ya mkadi, kikawa kikuba cha kubandikwa kifuani mwa bi arusi. Usiku vikifunguka, uchochoro mzima unanukia. Ukisogeza pua kabla, konzi! "Msinuse! Bi arusi atabakiwa na nini?" Sitaki kumsingizia marehemu. Kashata pia alitupa, na labda zilizidi makonzi.

Sasa Jumamosi anaolewa binti yangu Salma. Asumini mbichi sikupata, hata kwenye maduka yetu Waafrika, mtaani Cedar-Riverside. Udi tele, ua hakuna. Nikamuahidi kikuba cha kile kichaka kilicho nyuma ya jengo letu, kinachotoa maua ya manjano kabla ya majani. Wiki nzima nakichungulia. Vitumba vimeanza kuonyesha rangi, na ndiyo hiyo theluji inakuja.

"Mum, relax," Salma akaniambia. "Tuta-order online. Yale ya plastiki hayaharibiki."

Watoto wa siku hizi wanataka ua lisilokufa. Lakini niseme haki, simu yake ndiyo iliyotuonya juu ya theluji, mimi ningelala.

Nilisimama dirishani nikiona ahadi yangu inakwenda, ndipo nikamsikia nyanya: yaliyofumba, nasema. Nikamwomba ruhusa mama anayesimamia jengo, akasema kata tu, hata hivyo kinahitaji kupunguzwa. Nikakata matawi ya kubeba kwa mikono miwili, nikayatia kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu karibu na hita, vitumba vifungukie ndani.

Hapo ndipo nilipoyanusa. Hakuna kitu! Miaka yote napita pale na skafu puani, sikuwahi kujua. Mtu gani anaahidi kikuba kisichonukia? Nilikaa kitako jikoni, nikajiona mjinga. Mwisho macho yakaangukia rihani yangu ya kwenye kopo, pale dirishani. Basi, rangi itatoka huku, harufu itatoka kule. Sijui kama nyanya angekubali. Nadhani angeguna, halafu angeomba uzi.

Magharibi vitumba viwili vilikuwa vimefunguka. Nikatunga kikuba kidogo cha kujaribia. Salma akakiinua, akafumba macho, akakisogeza puani, na mdomo wangu ukatangulia:

"Usinuse! Bi arusi atabakiwa na nini?"

"Bi arusi ni mimi, Mum!"

Tulicheka hadi baba yake akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Zamani uchochoro mzima ulijua kuna harusi kwa harufu. Leo limejua jiko langu tu. Lakini limejua. Salma akakibandika kwenye sweta lake, akakataa kukivua.

Nje theluji imeanza. Tumekula wali wa nazi ya kopo, mchicha, na samaki wa kukaanga, na rihani ilinukia kuliko samaki.