Pua ya Marehemu

Kwa miaka tisa Trofimo alichonga uso mmoja tu: uso wa Kaisari, kinyumenyume, ndani ya muhuri wa chuma, ili shaba ikigongwa sura itoke sawa. Pua ile yenye nundu angeichonga hata akisinzia. Basi Kaisari yule akauawa. Roma nzima ikawa inavunja sanamu zake, na aliyekutwa na picha yake ukutani alikiona cha mtema kuni.

Kaisari mpya alikuwa bado yuko Shamu na jeshi lake. Hata hivyo Festo, msimamizi wa kiwanda cha sarafu, alitaka sura yake iwe kwenye sarafu ndani ya siku tano.

"Ana sura gani, mkuu?"

"Ana ndevu. Wewe chonga bwana, usinitie wazimu!"

Akachonga. Ndevu akaweka, na upande wa pili akamweka mungu wa kike wa Amani na tawi lake la mzeituni. Sarafu zikagongwa maelfu, zikaingia sokoni. Ndipo mkewe, Filura, aliposhika moja, akaziba zile ndevu kwa kidole gumba.

"We mwanamume, umetuua! Si yule yule marehemu huyu? Pua yake hiyo hapo!"

Masalale! Mkono ulikuwa umefuata mazoea. Tangu siku hiyo, kila akisikia viatu vya askari, alijificha nyuma ya mlango.

Kaisari alipoingia mjini, Trofimo alijibanza kwenye umati kando ya Vibia, bibi muuza dengu. Gari la farasi likapita na Kaisari mwenyewe, mtu mwembamba, pua bapa. Vibia akatoa sarafu, akaitazama, akamtazama mtu.

"Ebo! Mbona siye? Wa kwenye shaba ni yule waliyemuua!"

Askari akageuka. Watu wakajitenga, wakamwacha bibi peke yake. Trofimo akajisikia anacheka kwa sauti.

"Bibi Vibia, macho yako hayo! Juzi si ulinipimia kokoto ukidhani dengu? Ndiye huyu huyu, pua na kila kitu!"

Umati ukaangua kicheko. Askari naye akacheka, akaenda zake.

Vibia aliisogeza sarafu hadi karibu na jicho.

"Kweli, mwanangu," akasema polepole. "Kumbe napofuka. Sasa dengu nitazichambuaje?"

Trofimo alimtazama, asiweze kumwambia kwamba aliona vizuri kuliko wote.