Data Uchi

Miaka ile walimu tulipoanza kuambiwa kwamba asiyejua kompyuta ataachwa nyuma, nilijiunga na darasa la Jumamosi pale Kitale. Siku moja mkufunzi alitueleza kuhusu data isiyofungwa kwa nywila, ile ambayo yeyote akiwasha kompyuta anaisoma. Akanigeukia. "Mwalimu wa Kiswahili, hiyo tuiite nini?"

Mimi na kiburi changu! Ningesema "data wazi" nikakaa chini. Badala yake nilisimama nikawaeleza kwamba waya usio na ganda ni waya uchi, kwa hivyo data isiyo na nywila ni data uchi. Walicheka, kisha wakalizoea jina hilo. Aliyelipenda zaidi alikuwa mzee wa kanisa letu la Kiminini, mzaliwa wa Bokoli kule Bungoma, tuliyesoma naye darasa hilo; r na l zilimchanganya.

Wakati huo nilikuwa nimeposwa kwa siri na mwanamume wa Bungoma. Mama, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a, alikuwa ameapa kwamba sitaolewa nje ya watu wetu. Nilimwandikia mchumba barua ya kumkubali kwenye kompyuta ya darasani, nikaihifadhi, nikaenda zangu. Nywila sikuweka. Mganga hajigangi.

Jumapili iliyofuata, tukitoka kanisani, yule mzee alimsimamisha Mama.

"Mama Mwarimu, ongea na huyu msichana wako. Jana nimemkuta uchi kwa kompyuta. Nikafunga halaka."

Mama alishika ukuta. "Ati uchi? Huyu wangu? Na ni watu wangapi wameona?"

"Ni mimi tu. Lakini mtu mwingine si angeangaria yote?"

Maskini, alidhani ananisaidia. Nilitamani kumziba mdomo kwa Biblia yake. Lakini Mama alikuwa ameanza kulia mbele ya akina mama wenzake, na hilo sikuliweza. Nikaropoka.

"Mama, si mimi, ni barua! Barua ya mchumba wangu. Anatoka Bungoma, na nimemkubali!"

Nilingoja kofi. Mama alinikagua kutoka kichwani hadi viatuni.

"Na wakati unaandika hiyo barua, ulikuwa umevaa nguo?"

"Nilivaa, Mama. Hata sweta."

Alijipangusa machozi kwa leso, akainua mikono juu.

"Bwana asifiwe! Kumbe ni mtu wa Bungoma tu! Mwambie alete wazee wao."