Sukari na Jina la Bunduki

Nakiri mapema: mimi ndiye niliyemlambisha dadangu mchanga sukari, akiwa na siku nne tu duniani, na nusura kwa sababu yangu aitwe Bunduki.

Asili yetu ni magharibi mwa nchi, na hata ukihamia mtaa wa Ziwani jijini, desturi hupanda basi pamoja nawe. Mtoto akilia bila kukoma, kuna marehemu anayedai jina. Basi nyanya, mamake baba, alikuja na kikapu chake, akampakata mtoto, akaanza kumtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja. Atakayemnyamazisha, jina ni lake.

Mama alikuwa akiomba jina moja tu, la mamake aliyetutoka mwaka jana. Lakini wafu wa upande wa mama hutajwa mwisho, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ya choo cha pamoja cha ploti.

"Bunduki!" nyanya akaita.

Nikaangua kicheko. "Nyanya, huyo alikuwa mtu ama silaha?"

"Shangazi ya babu yako, mjinga wewe! Alizaliwa siku babake alipochukuliwa kwenda vita vya wazungu. Mamake hakujua kuandika, ndiyo maana akaiweka tarehe kwenye jina. Mume akirudi, asianze kuhesabu miezi kwa vidole. Rika lake lote lilikuwa vita tupu: Meli, Risasi, Kambi."

Nikawaza mwalimu akiita Bunduki, darasa zima linalala chini. Nikashindwa kujizuia. Nikachovya kidole kwenye kopo la sukari, nikajifanya nambembeleza mtoto.

"Hebu rudia hilo, nyanya."

Akarudia. Kidole kikaingia. Kimya.

Nyanya akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. "Amerudi! Bunduki amerudi!"

Nikamtazama mama. Alikuwa akitabasamu kwa adabu, huku mkono umefinya leso ya marehemu mamake. 

Nyanya alipotoka nje kumpigia baba simu kazini Industrial Area, nilimnong'onezea mama ukweli wote, kidole juu kama ushahidi, nikangoja kofi. Mtoto naye, sukari imemwishia, akaanza kilio upya.

"Kwani amelikataa jina?" nyanya akauliza kutoka nje, ndala zake zikirudi mbio.

Mama akatazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Akifika kwenye jina la mama yangu, chovya tena," akasema. "Na sasa hivi uoshe mikono kwanza."