Mwezi wa Rufaa Ulipokwisha

Hukumu ya kesi yangu niliisikia nikiwa kwenye veranda ya wodi ya wanawake, Homa Bay, simu nimeibana sikioni na sikio la pili nimeliziba kwa kidole. Hakimu alikuwa Migori akisoma kwa njia ya video, na mtandao ulikuwa unamkatakata. Nilinasa "mwajiri alifuata utaratibu," kisha "mlalamishi alipewa nafasi ya kujitetea," kisha kimya, kisha mtu akikohoa. Ndani ya wodi mama yangu alikuwa amelala. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia, na maneno yake yote pia.

Baadaye wakili alinipigia. Alikuwa mwanamke mpole aliyepewa kesi yangu na shirika moja la kusaidia wafanyakazi.

"Mwalimu, tumeshindwa. Pole sana," akasema. "Lakini hiyo ni nafasi gani ya kujitetea, uitwe asubuhi uhojiwe adhuhuri? Kata rufaa. Una siku thelathini. Mimi nilipewa kesi hii mpaka hukumu tu, kwa hiyo utajisimamia mwenyewe. Wewe njoo Migori, nitakuonyesha pa kuanzia."

"Nitakuja," nikamjibu, na nilimaanisha.

Nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya kibinafsi mjini Migori. Msimu wa mtihani ulipofika, mwenye shule alitaka tupite kwenye madawati tukiwanong'onezea watoto majibu. Nilikataa mbele ya wenzangu. Muda si muda nikafutwa: utovu wa nidhamu na kuwachochea wafanyakazi. Walimu walionishika mkono kwa siri wakisema nimefanya vyema, hakuna hata mmoja aliyekuja kutoa ushahidi. Siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Kazi yenyewe sikuitaka tena. Nilichotaka ni mtu mwenye mamlaka aseme, kwa sauti, kwamba sikukosa.

Wodini mgonjwa hulishwa na kugeuzwa na mtu wake, na mtu wa mama nilikuwa mimi. Ndugu yangu wa pekee ni mlinzi Mombasa na hakupewa ruhusa. Kila nilipoinuka, mkono wa mama uliokuwa bado na nguvu ulinikamata sketi. Hakuweza kusema nisiende. Alishika tu, akinitazama.

Siku moja mwanamke aliyekuwa akimuuguza dada yake kitanda cha pili akaniambia, "Enda kortini kwako, nitamwangalia. Si utarudi jioni?" Nikaoga, nikavaa viatu vizuri, nikafika stendi na kupata kiti. Gari halijaondoka, simu ikalia. Ni yeye yule.

"Rudi," akasema. "Uji umempalia. Wanamvuta kifua kwa mashine."

Nilirudi mbio, viatu mkononi. Waliweza kumtuliza, ila kutoka siku hiyo sikuthubutu tena kuondoka. Nilijiambia akipata nafuu nitakwenda. Nafuu haikuja. Mama alifariki asubuhi, manesi wakibadilishana zamu, mwezi wa rufaa ukiwa ukingoni.

Nyumbani kwetu ni Lambwe. Wazee wa ukoo walikaa kupanga mazishi, wakabishana kuhusu siku, kuhusu hema, kuhusu nani atahubiri. Nikaomba ruhusa ya kuongea.

"Baba," nikamwambia mdogo wake marehemu baba yangu, "Jumatatu naomba nifike Migori. Kuna karatasi za korti, muda wake unaisha."

Akanitazama kwa huruma zaidi kuliko hasira.

"Nyathina," akasema, maana yake mtoto wangu, "mama yako yuko mochari. Watu watakuja kulia na wewe, watakuta umeenda kushtaki? Korti haihami. Mzike mama kwanza."

Ningemwambia kwamba korti haihami lakini siku zinahama. Nikasema, "Sawa, Baba." Jumatatu nilishinda nikipokea wageni, na kila aliyenikumbatia nilimlilia, yeye akidhani namlilia mama peke yake.

Baada ya mazishi nililala. Sijui nielezeje vinginevyo. Nililala nyumbani kwa mama, nikiamka kufungulia kuku na kurudi kitandani, na simu nikaiacha izime. Nilipopata nguvu ya kumtafuta wakili, miezi ilikuwa imepita na mvua zilikuwa zimeshaanza. Alinisaidia kuandika ombi la kukata rufaa nje ya muda.

Jaji aliyelisikiliza hakuwa mkali. Wakili wa shule naye alianza kwa kunipa pole. "Lakini mteja wangu pia anastahili kuona kesi ikifika mwisho," akasema.

"Ulimzika mama yako," jaji akaniambia. "Hilo naelewa. Baada ya hapo, ni nini kilikuzuia?"

Nilisimama nikajibu kwa maneno matatu tu. Mimi, mwalimu wa lugha.

"Nilikuwa nimelala, Mheshimiwa."

Aliandika kidogo. Alisema mahakama inanihurumia, lakini kuchelewa kwa miezi yote hiyo hakujaelezwa. Ombi likakataliwa.

Mwaka huu nilisikia kuna nafasi ya Kiswahili katika shule moja karibu na Kosele. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alinikaribisha vizuri na kunipa chai. Akaniuliza kwa nini niliacha kazi Migori. Nikamweleza yote, habari ya mtihani na nilivyokataa. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

"Na korti ilisemaje?" akauliza.

"Ilisema shule ilikuwa sawa."

Aliweka kikombe chini taratibu. Akasema amenielewa kabisa, ila wazazi, ila bodi. Akanisindikiza mpaka getini, akanishika mkono kwa muda mrefu, akaahidi atanipigia. Bado hajanipigia. Mahindi niliyopanda katika shamba la mama yamefika magotini sasa, na wiki hii nayapalilia.